Mara Moja Ndiyo, Mara Mbili Hapana

Mwenzenu nimemaliza chuo cha ufundi, upande wa umeme, na kazi yangu ya kwanza nimeifanya nyumbani bila kuombwa na mtu. Hilo la kutoombwa mlishike.

Nyumbani tulikuwa watatu: mama, mimi na bibi, yaani mama yake mama. Bibi alipata kiharusi miaka miwili iliyopita. Upande wa kulia ukagoma, ulimi ukalala kabisa. Akili ilibaki pale pale, kali kama wembe, ila haikuwa na mlango wa kutokea.

Mlango tukaupata kwenye tochi. Tochi yenyewe ni ya marehemu babu, ya bati, ya betri tatu, nzito kama mchi. Ubavuni ina swichi ya kusukuma, na karibu yake kitufe chekundu: ukikibonyeza inawaka, ukikiachia inazima. Siku moja bibi kaishika kwa mkono wa kushoto, mama akamuuliza, "Mama, unataka maji?" Ikawaka mara moja kwenye dari. "Chai je?" Ikawaka mara mbili, upesi upesi. Tangu hapo ikawa lugha ya nyumba: mara moja ndiyo, mara mbili hapana.

Na kwa hapana, bibi humuwezi. Jirani alikuja kumwimbia, hajamaliza hata ubeti wa kwanza, tik-tik. Mimi ananipenda, alikuwa ananiita mke mwenza tangu nikiwa mdogo, eti nilizaliwa ili nimnyang'anye babu. Lakini nikivaa sketi yangu fupi nakwenda chuo, tik-tik.

Sasa ile tochi mwanga wake ulikuwa wa njano, umepauka kama chai iliyozidi maji. Mchana lazima ukodoe macho. Nikasema haiwezekani mke mwenza aongee kwa kunong'ona na mimi nina cheti. Nikaenda duka la vifaa vya umeme, nikapata balbu ya LED yenye kitako kile kile cha zamani. Nikafungua kichwa cha tochi, nikasugua kutu kwenye springi kwa msasa, nikahakikisha betri zimekaa sawa, maana balbu ya zamani haijali umeme unaingilia wapi, ila LED ukiigeuzia betri inakununia. Nikafunga, nikabonyeza. Jamani. Ukuta mweupe kama shuka ya dukani.

"Utamtoa mtu macho," mama akasema.

"Haya ndiyo maendeleo, mama."

Nikampa bibi. "Mke mwenza, umeipenda?" Mwanga mmoja, dari nzima. Nilicheza pale mpaka mama akacheka.

Kesho yake ndiyo siku mjomba alikuwa anakuja. Mjomba ni kaka mkubwa wa mama, anaishi mbali, mwendo wa saa saba kwa gari. Alitaka bibi ahamie kwake: nyumba kubwa, na mke wake ni muuguzi mstaafu. Mama hataki. Walibishana kwenye simu miezi mitatu, wakafikia jambo moja: bibi mwenyewe aulizwe, na atakalosema ndilo hilo hilo. Sisi wala hatukuwa na wasiwasi. Bibi wa tik-tik, ahame chumba chake? Mama hakukunja hata nguo moja.

Asubuhi hiyo bibi aliamka anakubali kila kitu. Uji? Ndiyo. Nikuongeze? Ndiyo. Nikamwongeza, akabana midomo, uji ukamtiririka kidevuni, akanikata jicho.

"Leo umeamkia ubavu gani, mke mwenza? Unakubali halafu unagoma?" Nikamfuta, nacheka. "Nifungue pazia?" Ndiyo. Nikafungua, jua likajaa chumba kizima, bibi akafumba macho.

Mjomba akaingia saa nne.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, injinia. Nasikia umemfungia mama taa za uwanja wa mpira."

Akavuta kigoda karibu na kitanda, akamshika bibi mguu. "Mama, ni mimi mwanao. Unakubali twende ukakae kwangu?"

Mwanga mmoja, mweupe, dari nzima.

Mama akasema, "Muulize tena."

Akamuuliza tena, polepole, kama anamuuliza mtoto. Mmoja tena. Mjomba akatoa leso, akajifuta macho. "Mdogo wangu," akamwambia mama, "umemtunza vya kutosha. Na wewe pumzika."

Mama alifungua kabati, akaanza kukunja nguo. Bibi alikuwa ananitazama mimi, hapepesi macho. Nikadhani ananiaga.

Hata walipompandisha kwenye gari, tochi ilikuwa inawaka na kuzima, inawaka na kuzima, inametameta kwenye paa la gari kwa ndani. Nikasema, "Mama, ona, anatupungia." Nikapunga kwa mikono miwili mpaka gari likakata kona.

Jioni hiyo hiyo nikaokota boksi la balbu nikifagia chumba chake. Lina maandishi madogo ubavuni, dukani niliyapitia juu juu nikaona ni nyongeza tu: ina hali tatu. Bonyeza, mwanga mkali. Bonyeza tena upesi, mwanga hafifu. Tena upesi, mwanga wa kumetameta. Ukiiacha kidogo, inaanza upya.

Nikakaa chini, ufagio mkononi. Mkali, halafu hafifu. Asubuhi macho yangu yalikuwa kwenye uji na kidevu; na lile jua lilipoingia, ule hafifu nani angeuona? Bibi alikuwa anasema hapana, sisi tunasikia nusu ya neno. Uji ni hapana. Pazia ni hapana. Mjomba ni hapana, mara mbili.

Nikamwambia mama. "Mimi nilisikia kitufe mara mbili," akasema.

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilidhani mkono umetetemeka. Nikajiambia, nasikia ninachotaka kusikia."

Mjomba akiendesha hapokei simu. Alipokea kesho yake asubuhi. Nikamwaga yote: hali tatu, mkali, hafifu, jua.

"Injinia," akasema, "majuzi nasikia ni maendeleo, leo ni ubovu?"

"Mjomba, sikiliza tu kitufe anapojibu."

"Mkono wake unatetemeka, mwanangu. Nauona."

Nikapata akili. "Basi muulize kinyume. Muulize kama anataka kurudi kwetu."

Nikamsikia anauliza. Nikasikia kitufe, tik. Kimoja tu, kimetulia.

"Amesema ndiyo," mjomba akasema.

"Umeona sasa?"

"Nimeona. Jana ndiyo kuja, leo ndiyo kurudi. Daktari alishatuambia, ipo siku ataanza kukubali kila kitu bila kuelewa. Ndiyo hii."

"Mjomba, naomba kitu kimoja. Funga pazia, chumba kiwe giza, muulize swali moja tu uangalie dari."

"Mke wangu amesema apate jua." Sauti yake haikuwa ya ugomvi hata kidogo, na hilo ndilo liliniumiza. "Msalimie mama yako. Mwambie asijilaumu."

Balbu ya zamani sikuitupa. Nilikuwa nimeiweka kwenye kiboksi cha hereni, ndogo kama punje ya kunde. Niliitikisa sikioni, waya mzima, hauchezi. Nikaifunga kwa pamba, nikaandika jinsi ya kuibadilisha, mpaka na mchoro, nikaituma kwa basi. Siku tatu nashinda na simu mkononi kama niliyeposwa.

Ujumbe ulitoka kwa mke wa mjomba. Kaweka na picha: bibi amekaa dirishani, amevalishwa vizuri, jua linampiga usoni, tochi imelala mapajani.

"Mzigo umefika mwanangu, asante. Ila hatukuona haja ya kubadilisha, hii iliyopo inawaka vizuri sana. Msiwe na wasiwasi, bibi yenu hana shida kabisa. Chochote tukimuuliza, anakubali."