Vifuniko vya Soda vya Soko la Tulia

Siku ofisa wa Tume ya kupinga ubaguzi alipokuja Tulia, magoti ya Ummi yaligongana hadi mbuzi wa jirani wakaja mbio, wakidhani kuna mtu anapukuchua mahindi.

Ni yeye aliyewaita. Soko jipya lilikuwa tayari, na kamati ya mwenyekiti Kyule ilikuwa imegawa vibanda vyote. Ummi, aliyekaanga bhajia pale tangu barabara ikiwa vumbi tupu, aliambiwa tu, "Pole, mama Sufian, vimeisha." Akapiga ile namba ya Tume iliyotangazwa redioni, amejifunika shuka gubigubi ili hata ukuta usisikie. Ukuta wenyewe ulikuwa wa Kyule, maana nyumba aliyopanga ni yake. Bila kibanda hana riziki. Na akijulikana, hana pa kulala.

Sokoni, Kyule alisimama na koti lake la Jumapili. "Nani amesema tunabagua watu? Asimame nimwone!"

Ummi akakalia mikono yake, isije ikajiinua yenyewe.

"Sikuja kumtafuta aliyesema," akajibu Mumbua, yule ofisa, kwa upole. "Jina lake linabaki kwetu. Niambie tu mligawa vipi."

Kyule akang'aa uso. "Kwa haki kabisa, madam! Tuliandika namba za vibanda kwenye vifuniko vya soda, vingine tukaviacha vitupu, tukatia kwenye kiondo, tukaomba. Kila mtu akachomoa amefumba macho."

"Wapi?"

"Kanisani, baada ya ibada ya Jumatano. Ni wapi tena hakuna wizi?"

"Na wasiosali kwenu?"

"Hao hawakuja."

"Waliambiwa?"

"Tulitangaza!"

"Wapi?"

"Si hapo hapo kanisani!"

"Aiya, mwenyekiti!" akapaza sauti Kalekye, muuza nyanya. "Umejimaliza mwenyewe!"

Kyule alikodoa macho. Hakuona bado kosa liko wapi.

"Soko ni la umma," Mumbua akasema. "Ukiligawia ndani ya mlango ambao wengine hawaingii, umewabagua, hata kama hukukusudia. Kaunti imekubali funguo zisitolewe kwanza. Mtarudia leo, hapa hapa. Ambao hawakuchomoa watangulie."

Soko likanguruma. "Nani huyu ametuharibia?" mtu akafoka nyuma.

Ummi akajikunyata pale alipoketi. Watangulie? Akiinuka peke yake, si amejitaja?

Kalekye akajipangusa mikono kwa leso. "Mimi ni Mkatoliki. Sikuitwa." Akapita mbele. Mzee Kitheka, asiyesali popote, akamfuata. Kisha wengine, mpaka foleni ikapinda kwenye choo. Ummi akajipenyeza katikati.

Zamu yake ilipofika, Kyule, aliyeshika kiondo, aliinama karibu.

"Mama Sufian," akanong'ona, "ni wewe?"

Ummi akafumba macho. Akatumbukiza mkono, akafumbata kifuniko hadi kikamchoma kiganja.

"Mwenyekiti," akasema, sauti nyembamba kama uzi, "shika kiondo vizuri. Kinatetemeka."

Kweli kilikuwa kinatetemeka. Kyule akamtupia Mumbua jicho, akakishika kwa mikono miwili.

Ummi akafumbua kiganja kidogo kidogo. Kifuniko kilikuwa na namba: amepata kibanda.

"Isome kwa sauti, mwaitu, mama yangu," Mumbua akamwambia.

Akajaribu. Mara ya kwanza sauti haikutoka; mara ya pili soko zima likamsikia.