Breki za Mzee Merv

Kwa mdomo, Darren angejenga daraja hadi kisiwa cha Tasmania; kwa mikono, hata rafu ya jikoni ilimshinda. Narelle, mkewe, alilijua hilo tangu mwaka wa harusi, akanyamaza. Safari hii alimchoka.

Baba yake Narelle, mzee Merv, aliendesha malori kati ya Port Augusta na Perth mpaka kiharusi kilipomlegeza mkono na kumnyang'anya leseni. Tangu hapo aliendesha lori la mchezo kwenye kompyuta ya Darren, katika banda la mabati uani. Alipovunjika nyonga akalazwa chumba cha nyuma, Darren alijitapa: angeweka programu ya bure, iliyotengenezwa na watu wa kujitolea, na mchezo ungetoka kwenye kompyuta bandani, ukapita hewani na kumfuata mzee kitandani, kwenye kishikwambi.

Mchezo ulifika, ila kwa kuchechemea. Mzee akibonyeza breki, lori linagonga kwanza ndipo linasimama.

Darren akawaandikia wenye programu kwamba wametengeneza takataka. Wakamjibu kwa upole: kama kompyuta iko ndani ya mabati, mawimbi hayapiti vizuri, avute waya.

"Waya!" Darren akacheka. "Mimi na waya wapi na wapi? Hao washamba tu." Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, na jua la Darren lilikuwa limelala pale kitandani. "Mzee, usinielewe vibaya, lakini huo mkono wako umeshakufa."

Merv akaweka kishikwambi chini. Jioni Narelle alipomletea supu ya maboga, hakugusa kijiko.

"Nilishe, mwanangu. Si umemsikia mumeo?"

Narelle alimlisha siku ile na siku zilizofuata. Jumamosi akanunua waya, akauburuta kutoka bandani, akaukatisha uwanjani, akaupitisha dirishani na kuuchomeka kwenye kishikwambi cha baba yake.

"Unaniharibia nyasi zangu!" Darren akapiga kelele kutoka kitini, bia mkononi.

"Kunywa bia yako, bwana. Hiyo kazi unaiweza."

Merv akabonyeza breki. Lori likasimama palepale. Akaliondoa, akabonyeza tena, likatii tena. Macho yakamjaa machozi.

"Si nilisema ni kitu kidogo tu?" Darren akasema dirishani.

Narelle akachota supu, akapeleka kijiko mdomoni mwa baba yake. Mzee akampokonya.

"Lete hapa. Na huyo bwana mwite aje mlangoni, anitazame nikila."