Mukwe Aliongea Mbele ya Mvua

Miye Adèle, watu wa Mudzipela wananijua: nikisema neno, nimesema. Nilisema mwezi wa kwanza ni wa jua hapa Bunia, na matofali yangu mbichi elfu tatu yalikuwa yamelala inje, bila kitu juu. Miaka ine niko nakaa kwa nyumba ya watu, nachunga feza ya matofali hayo ili nijenge yangu. Yakilowana mbele ya kuchomwa, yanarudi kuwa udongo.

Siku hiyo jamaa ya Ézéchiel ilikuja kumuomba binti yangu Jemima. Ézéchiel ni mwalimu wa géographie. Alikaa kimya mu costume yake, sababu kwetu, siku ya kwanza, mukwe haongei na mama ya bibi harusi. Maneno yake inapita kwa musemaji. Na musemaji wake, muzee Blanchard, Mungu wangu, hajui kukata maneno! Alianzia kwa babu ya babu yao.

Nilimuona Ézéchiel anaangalia tu juu. Nikajisemea: huyu hana adabu, tunaongea mambo yake na yeye anahesabu ndege. Joto lilikuwa kali tangu asubuhi, upepo ulikuwa umekufa, na wingu moja lilikuwa linapanda, linapanda. Alimunong'oneza muzee mara mbili. Muzee alimujibu kwamba haraka haraka haina baraka, akaendelea na babu.

Basi mutoto wa watu alisimama, akaniangalia mu macho.

"Mama, tufunike matofali. Mvua iko karibu."

Kaka yangu Antoine akasema ni amende, alipe mbuzi moja kwa kuvunja desturi. Miye nilikasirika kweli, nikamuambia huyu kijana kwamba nimejua mwezi wa kwanza mbele yeye azaliwe. Upepo wa baridi ulinipiga kwa shingo hata sijamaliza.

Tulikimbia wote. Ézéchiel alishusha bâche, turubai iliyofunika wageni, Antoine alibeba mikeka, hata muzee Blanchard alikata majani ya ndizi. Mvua ilitupiga tungali hapo. Matofali ya pembeni iliharibika, kama mia moja. Ingine yote ilipona.

Ndani, tukikunywa chai na nguo zimelowana, miye mwenyewe nilimuuliza mukwe alijua namna gani. Alisema hewa ya dunia iko inaongeza joto, na hewa ya joto inabeba maji mingi kupita zamani. Kama mama wa soko aliyepewa bassin kubwa ya maji: anaijaza, na akichoka anamwaga popote, hata mwezi wa jua. Nilielewa, na iliniuma kidogo, sababu miezi ya jua na ya mvua nilifundishwa na mama yangu.

Antoine akakumbusha amende. Nilimuangalia Ézéchiel, costume yake imejaa udongo wa nyumba yangu, na furaha ilinishika mpaka nikaona haya.

"Mbuzi hiyo nitaitoa miye," nilisema. "Na weye, mutoto yangu, kuanzia leo usinitumie tena musemaji."