Shaba Iliyowekwa Mkekani kwa Mama Mbuyu

Numbi, fundi wa malori pale Kolwezi, hakuwahi kukubali kwamba duniani kuna chuma asichokijua. Mwaka ule watu walipoambiwa na serikali waache majina ya ubatizo, aliliacha la Séraphin bila ubishi, ila ujuaji wake akabaki nao. Kila Jumapili alikwenda kwenye masalio ya tanuri za wafua shaba wa zamani, njia ya Nzilo, akachimbua kitu kilicholiwa na kutu, kisha moja kwa moja kwa mama Mbuyu. Eti apate ushauri wa mtu mzima. Ushauri gani, na macho yote yako uani, kwa Ngoie binti wa mama, anayepepea mbabula, jiko lao la makaa? Jembe la kale alisema ni breki ya gari moshi. Kengele akaiita kikombe cha Wareno. Ngoie alicheka mpaka machozi, naye Numbi akaokota chuma chake akarudi nyumbani, lililompeleka hajalisema.

Jumapili hii hakuwa na muda wa kupoteza. Dereva mmoja wa Likasi alikuwa ametuma habari kwamba kesho wazee wake watakuja kumposa Ngoie. Numbi aliingia na shaba nzito yenye mikono minne. Akapiga goti kwa adabu, akaiweka kwa mikono miwili kwenye mkeka mbele ya mama, akaanza kueleza kwamba hiyo ni klé ya kufungulia magurudumu ya lori.

Mama Mbuyu hakucheka.

“Hii njo kitu balimuposea nkambo yangu, mama ya mama,” alisema. “Mwanaume anaiweka mbele ya mama ya binti, anapiga goti, basi amesema. Ukiiokota tena, umemukataa mutoto.”

Jamani, mtu mwenye jina la kila msumari, leo ameposa bila kujua! Uani upepeo ulinyamaza. Ngoie akaja kusimama mlangoni, mkono kiunoni.

“Fundi, hii chuma ni ya nini?”

Numbi alikaa chini, akaikalia mikono yake yote miwili, isije ikaokota kwa mazoea.

“Ni ya kukuposa.”

Tangu aanze kuchimbua, hiyo ndiyo mara ya kwanza kupatia. Mama Mbuyu aliivuta ile shaba upande wake wa mkeka, akasema wageni wa Likasi watapikiwa chai tu.