Watu Kwanza, Nguvu Baadaye

Mkurugenzi alilitamka neno "demokrasia" kama mtu aliyetafuna kidonge kichungu mbele ya wageni. "Ni neno la Kigiriki hili, halitaki papara," alituambia sisi wafanyakazi wa kiwanda chake cha uchapaji. "Andikeni kura zenu. Nitazihesabu mwenyewe ofisini."

Tulikuwa tunamchagua mwenyekiti wa kamati ya wafanyakazi. Sisi tulimtaka Mama Gundi, fundi wa kujalidi vitabu, ambaye hajapata kumfyatia mtu mkia. Mkurugenzi alimtaka msimamizi wa stoo, mtu wa "ndiyo mzee" tangu asubuhi mpaka jioni.

Mimi ni mpanga herufi. Kwa miaka thelathini nimepanga herufi za madini ya risasi kinyumenyume, hata jicho langu husoma maandishi yaliyopinduka kama wewe usomavyo barua. Mezani mbele yake, pale ukumbini, palikuwa na tangazo. Nikalisoma juu chini: mwenyekiti mpya, msimamizi wa stoo. Tarehe ya leo, na sahihi. Kura hata moja ilikuwa haijaandikwa.

Neno lile la Kigiriki nalijua. Mwaka wangu wa kwanza hapa, mkurugenzi huyuhuyu, nywele zake zikiwa bado nyeusi, aliniuliza maana yake mbele ya wateja. Nikakwama. Wakacheka, kicheko kile ninacho hadi leo. Baadaye ikaletwa kamusi iliyochanika, nikaisoma kila saa ya chakula, na Mama Gundi akachelewa makusudi kuijalidi mpaka nilipoimaliza.

Nikasimama. "Mzee, hayo ni maneno mawili yaliyoungwa. Demos, watu. Kratos, nguvu. Wagiriki wakatia kiishio, likawa nomino ya kike kwa sarufi yao. Watu wametangulia. Nguvu inawafuata."

"Kamusi kaanza tena!" akadakia msimamizi wa stoo, kwa jina langu la utani.

"Sijamaliza, ndugu yangu. Tangazo lenye jina lako limeshatiwa sahihi. Mzee, utatusomea, au nilisome kutoka hapa nilipo?"

Mkurugenzi akalifunika tangazo kwa viganja vyote viwili.

"Nomino ya kike, eti?" akauliza Mama Gundi. "Kumbe huyo ni dada yangu!"

Safari hii kicheko kilikuwa chetu.

"Hakuna cha kuandika," nikasema. "Anayemtaka Mama Gundi, mkono juu."

Ikainuka mikono yenye wino, yenye gundi, yenye makovu ya kisu cha karatasi. Nikaihesabu kwa sauti, taratibu, mmoja mmoja. Mkurugenzi hakuweza kuinua wake wala kunionyesha mlango: yote miwili ilikuwa na kazi.