Gora Zima Ndani ya Bakuli

Mimi ndiye mfumaji bora wa katani kijijini kwetu, na sisemi hivi kwa kujigamba. Waulize wafumaji wenzangu. Watakuambia hivyo hivyo, ila watanuna kidogo. Katani yetu hapa Andong si ya mkonge. Ni ule mmea ambao shina lake linakupa nguo na majani yake yanakuletea polisi, ndiyo maana kila kiangazi anakuja bwana wa wilaya kuhesabu mashina na kuhakikisha majani yamechomwa. Nimeifuma tangu nina miaka kumi na mitatu. Wazee wa koo kubwa wamezikwa na nguo zilizotoka mkononi mwangu, na watoto wao walikuja kunishukuru kwa matunda makavu ya persimoni. Mtu mmoja tu hakuwahi kunisifia, na kwa miaka arobaini na minne nilikaa naye nyumba moja. Mama mkwe wangu.

Kijiji kizima kilimwita Mama Hamhung, kwa kuwa alitoka Hamhung, kule kaskazini mwa mpaka, majira ya baridi ya mwaka wa vita, akiwa msichana wa miaka kumi na sita. Mama yake mzazi alimsukuma ndani ya meli ya wakimbizi, akamwambia yeye atafuata na meli ya kesho. Ya kesho haikuwapo. Alishuka kusini akiwa na nguo za mwilini na bakuli la shaba la wali, lenye mfuniko, na bakuli hilo ndilo lililonitesa maisha yangu yote ya ndoa.

"Kwetu," alikuwa akisema, akiligonga kwa ukucha lilie, "gora zima la katani, dhiraa arobaini, linaingia humu na mfuniko unafunga."

Kila gora nililoshusha kwenye kitanda cha kufumia nilimpelekea. Alilisugua kwa kidole gumba, akalinusa, akanirudishia.

"Gunia zuri, mkwe. Viazi havitachungulia nje."

Mume wangu Tae-sik, mtu wa amani kupita kiasi, alinishauri niache kumpelekea. Sikuacha. Mimi si mtu wa kuacha.

Vuli iliyopita Mama alikuwa ametimiza miaka tisini na macho yake yalikuwa yamebaki na mwanga kidogo tu. Nilitazama kalenda ya zamani, ile ya mwezi mwandamo, nikaona kiangazi kinachokuja kina mwezi wa ziada, mwezi usio na mwenyewe, ambao mizimu haishughuliki na watu. Ndio mwezi wa kushona sanda. Kwetu kumshonea mzee sanda angali hai ni heshima, na inasemekana humwongezea siku. Basi asubuhi moja, tukinywa supu, nikamwambia, "Mama, mwakani nitakushonea sanda yako."

"Sivai gunia."

Nilicheka. Tae-sik akainamia bakuli lake. Lakini Mama hakucheka, na safari hii hakuwa ananichokoza.

"Nikifika huko," akasema, "mama yangu atanijuaje? Aliniaga nina miaka kumi na sita, meno yote mdomoni. Nitazame sasa. Uso hataujua. Sauti hataijua, nimeshaongea kama ninyi watu wa huku mpaka ulimi umepinda. Kitambaa chake angekijua hata gizani. Mkinivika cha kwenu, atanipita kama mgeni. Nizikeni na blauzi yangu ya zamani, yatosha."

Nilikasirika. Miaka yote ile ya kumpikia, kumwogesha, kumkata kucha, na bado alijiona mgeni nyumbani kwangu! Halafu nikaona jinsi alivyolishika lile bakuli, kwa mikono miwili, na hasira ikaniishia. Hakuniogopa mimi wala kifo. Aliogopa kupitwa na mama yake.

"Litaingia bakulini," nikamwambia. "Na mfuniko utafunga."

"Haya," akasema. "Tutaona."

Majira yote ya baridi nilichana nyuzi. Ganda la katani hulowekwa, ukalichana kwa ukucha, ncha ukaishika kwa meno. Uzi wa kazi ya kawaida nauchana mara tatu nne. Ule niliuchana mpaka nikawa siuoni, nauhisi tu mdomoni, na midomo ikapasuka. Kisha unaunga ncha na ncha kwa kuzisokota juu ya paja kwa mate, bila fundo hata moja, maana fundo halipiti kwenye kitana cha kufumia. Paja langu la kulia lilichubuka mpaka Tae-sik akaniletea dawa ya ng'ombe. Ilifaa.

Katani nyembamba hivyo ikipigwa na hewa kavu inakatika, kwa hiyo nilifuma chumba kikiwa kimefungwa, matambara mabichi yametandazwa sakafuni. Jirani yangu Jeom-rye, tunayeshona naye pamoja tangu ujana, alichungulia siku moja.

"Dada Mal-sun, humo ndani unafuma au unaatamia mayai?"

"Funga mlango! Uzi ukikatika nitakukata wewe."

"Na kitoke kifaranga basi," akasema, akafunga.

Nilimaliza siku nne kabla ya mwezi wa ziada kuingia. Nilianika gora juani mpaka likawa na rangi ya shayiri iliyoiva, ile rangi ya dhahabu ambayo mama yangu mzazi alinifundisha kuisubiri bila haraka. Nasema kweli: sijawahi kuona kitambaa kizuri vile, na mimi nimeona vingi. Nikalikunja, nikalitia bakulini, nikalikandamiza kwa ngumi, halafu kwa goti. Nikaweka mfuniko. Ulisimama juu, vidole vitatu kutoka kwenye ukingo.

Mama alipapasa lile pengo. Nilikuwa nasubiri gunia langu, lakini halikuja. Alivuta pembe ya kitambaa, akaisugua muda mrefu.

"Uzi ndio wenyewe," akasema. "Lakini ni mbichi. Hukuchemsha."

"Kwetu hatuchemshi katani, Mama. Mama yangu alisema wanaochemsha ni wavivu wa kuchana."

"Na mama yangu mimi alichemsha kwenye maji ya majivu siku tatu, akatwanga siku tatu." Akanirudishia bakuli. "Basi hili ni gora zuri sana la Andong. Mzikeni nalo mtu wa Andong."

Nilitoka nje nikaosha masufuria yaliyokuwa safi. Siku mbili sikuligusa lile gora. Kuchemsha gora lile ilikuwa sawa na kumtukana mama yangu kaburini kwake, pale pale ng'ambo ya mto ambapo naweza kumwona nikisimama kwenye lango. Kila mtu aliyejua kitambaa angesema Mal-sun amezeeka, amesahau alivyofundishwa. Na rangi ile ya dhahabu isingerudi. Lakini kila nilipojitetea moyoni nilikwama pale pale: mama yangu mimi najua alipolala, na siku yangu ikifika atanijua bila shida. Anayesafiri mbali ni yule mzee, si mimi.

Siku ya tatu nikachoma mabua ya soya, nikachuja majivu, nikabandika sufuria kubwa motoni uani. Jeom-rye alifika mbio.

"Dada! Gora la mwaka mzima unalitia supuni?"

"Nyamaza. Chochea moto."

Mama alikuwa ameketi barazani na fimbo yake, haoni kitu, anaamrisha kila kitu kwa pua na masikio. "Maji yanachemka kama ya tambi, punguzeni! Ligeuze! Nani anageuza huyo, anageuza kama anamfukuza paka?"

"Ni mimi, Bibi," akasema Jeom-rye.

"Nilijua."

Dhahabu ikatoka ikaingia majini. Nililia, na nisingependa Jeom-rye aone, lakini aliona, na siku hiyo hakunitania tena. Siku tatu tulichemsha, tukasuuza mtoni, tukaanika. Kitambaa kikawa cheupe kama uji wa mchele, na kilipokauka kilianguka mkononi bila kutoa sauti.

Halafu tukatwanga. Gora limekunjwa juu ya jiwe, watu wawili wamekaa wakitazamana, kila mmoja na vijiti viwili vizito vya kutwangia. Nilitaka nitwange na Jeom-rye. Mama akasema, "Mpishe huyo. Nipe vijiti."

Nilidhani atapiga mara tano achoke. Kumbe mikono yake ilikuwa inaikumbuka kazi ile kuliko mimi. Alipiga pale nilipopumzika, nikapiga pale alipopumzika, na vijiti havikugongana hata mara moja. Akiwa anatwanga aliongea, na maneno yake yakaanza kutoka kwa lafudhi ya Hamhung, ile aliyosema imempotea: kuhusu ua wa kwao, na mama yake aliyekaa pale nilipokaa mimi, aliyekuwa akimfokea, "Piga kitambaa, usilipige jiwe!" Tulifanya hivyo asubuhi tatu. Ya tatu nilimwomba apumzike, akaniambia nipumzike mimi kama nimezeeka.

Nikalikunja gora. Nikalitia bakulini, sikulikandamiza sana. Nikaweka mfuniko, na mfuniko ukakaa.

Jeom-rye alicheza ngoma uani peke yake, akitikisa matako yake yote makubwa. Mama aliupapasa ukingo wa bakuli mzunguko mzima, akitafuta pengo. Hakulipata. Akazunguka tena.

"Hili si gunia," akasema.

Miaka arobaini na minne niliyasubiri maneno hayo matatu. Nilimjibu, "Najua, Mama," kisha nikaingia jikoni nikakaa sakafuni.

Sanda, ambayo kwetu ni joho lenye mikono, tulishona wiki ya mwisho ya mwezi wa ziada, siku ya jua. Inashonwa kwa siku moja, inaanza na kumalizika mchana. Uzi haurudi nyuma, na haupigwi fundo, si mwanzoni si mwishoni, ili anayeondoka asinaswe na nyumba wala watoto wake. Nimeshona sanda labda sitini na sijawahi kuacha fundo. Mwaka mmoja nilimfumulisha Jeom-rye mkono mzima wa joho kwa fundo lililolingana na punje ya ufuta, na hajanisamehe.

Alasiri ilibaki pindo moja, la mkono wa kushoto. Mama akanyoosha mkono.

"Nipeni sindano."

Tulimtungia uzi. Alishona kwa kupapasa, mishono mirefu iliyokwenda kombo, na tulimwachia, ni nguo yake. Alipofika mwisho akauzungusha uzi kwenye sindano mara mbili, akavuta. Akapiga fundo.

Jeom-rye alinitazama. Nilijua ni uzee. Nikachukua mkasi mdogo, nikamsogelea taratibu.

"Mama, umesahau. Hii ni sanda. Leta nikufungulie."

Alinipiga kofi mkononi, kofi zuri lenye nguvu.

"Macho ndiyo yamekwenda, akili ipo. Sijasahau."

"Lakini utanaswa, Mama. Hutaachiwa uende."

"Nitakwenda. Mama ataniona, atanijua, tutakaa tutaongea. Tuna mengi." Alikuwa bado ameushika ule mkono wa joho, kidole gumba juu ya fundo. "Mara ya kwanza nilitoka nyumbani bila kufungwa popote, na njia ya kurudi sikuipata tena mpaka leo. Siku ya kunikumbuka utapika wali, utapanga samaki na persimoni, utafungua mlango uniite. Nitakujaje kama hamjanifunga?"

Jeom-rye akageukia ukutani. Mimi nilirudisha mkasi kikapuni. Nikaona heri nifanye ninachokijua. Nikalichunguza fundo lake. Lilikuwa kubwa, limelegea, fundo la mtu asiyeona.

"Mama," nikamwambia, "kama ni la kukurudisha, hili litafunguka kabla hujavuka mto wa wafu."

Nikachukua sindano, nikapiga la kwangu juu ya lake, nikalikaza kwa meno.