Kura ya Msemaji

Darasa la maandalizi ya chuo lilikuwa na sharti moja lililowanyima wanafunzi usingizi. Kila kundi lilifanya utafiti na kuandika ripoti, lakini msemaji wa kuitetea mbele ya jopo alipatikana kwa kura asubuhi ya mtihani wenyewe. Alama yake ilikuwa alama ya wote. Kundi lililoanguka lilirudia kozi, na chuo kikasubiri mwaka mwingine.

Kalamu aliipenda kozi hiyo mpaka mwalimu alipompanga na Redio. Majina hayo walipewa darasani: yeye kwa kuandika, mwenzake kwa mdomo. Redio alikuwa mtoto wa shangazi yake. Tangu ahamie kwao, hata mama yake Kalamu aliacha vyombo kwenye karai ili amsikilize. Mama huyo hakuwahi kuacha chombo kwa ajili ya insha ya binti yake.

Kundi lilichunguza kwa nini wagonjwa hufika zahanati alfajiri, ilhali milango hufunguliwa saa mbili. Kalamu alisoma taarifa maktabani. Redio alikaa na wagonjwa kwenye benchi, akapiga soga. Aliporudi kusimulia, wenzao wawili walisogeza viti karibu. Kalamu alitazama kompyuta na kuendelea kuchapa. Baadaye aliuchukua muhtasari wa Redio, akaunyoosha lugha, akaufanya sura ya nne bila kumuuliza neno.

Redio alimwomba amfafanulie sura ya nadharia, aliyoiandika Kalamu.

"Isome mwenyewe, binamu. Si umejaliwa mdomo?"

Moyoni aliomba kura imwangukie Redio, aumbuke mbele ya jopo. Kwamba wangeanguka wote wanne, hilo hakulifikiria.

Kura ilimwangukia Kalamu mwenyewe. Alizieleza sura tatu bila kigugumizi. Kisha mhadhiri mgeni akauliza kwa nini watu waliendelea kuwahi hata baada ya zahanati kuanza kugawa namba. Jibu lilikuwa kwenye sura ya nne, katika sentensi aliyoinyoosha kwa mkono wake: namba huitwa mara moja tu. Aliitamka. Mhadhiri akamtaka aeleze maana yake.

Hakuijua. Kanuni ilimruhusu msemaji kumpisha mwenzake mara moja, kwa kupunguziwa alama na kwa kutaja sababu. Redio alikuwa mstari wa mbele, amefunga mdomo kwa shida.

"Nampisha binamu yangu," Kalamu aliliambia jopo. "Yeye ndiye aliyeongea nao. Aliposimulia, sikutaka kumsikiliza."

Redio akasimama. Alieleza habari za mama mmoja aliyekwenda msalani. Namba yake ikaitwa, naye akarudishwa mwisho wa foleni. Tangu siku hiyo huja gizani ili awe wa kwanza, aitwe kabla hajabanwa. Jopo likacheka. Kisha Redio akaiunganisha habari hiyo na sura ya nadharia, hoja kwa hoja. Alikuwa ameisoma yote, hadi tanbihi.

Walipita, lakini kwa chupuchupu. Wenzao walimkumbatia Redio kwanza.

"Sura yako ngumu, dada," Redio alimwambia wakitembea kwenye korido. "Lakini ukishaielewa, tamu."

Sifa hiyo ilimchoma kuliko kejeli yoyote. Yeye asingeweza kusema hivyo juu ya kazi ya Redio, kwa kuwa hakuijua.

"Yule mama," aliuliza bila kumtazama, "alikuwa anatoka mbali?"

Redio alivuta pumzi, kama afanyavyo kabla ya maelezo marefu. Kalamu aliudhika tayari, ila hakuongeza mwendo.